Barua ya wazi kwa wasimamizi wa istilahi za Kiswahili: vireo na wenzake wapewe majina yao

Ndugu wajumbe wa Baraza la Kiswahili la Tanzania, wa Baraza la Kiswahili la Zanzibar na wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja nanyi wahariri wa kamusi na wa vitabu vya sayansi,

Salamu kwenu nyote.

Tunawaandikia kuhusu ndege wadogo wa Amerika wanaokula wadudu. Hawatui kwenye miembe yetu, na mtu anaweza kuuliza Kiswahili kina haja gani nao. Haja ipo. Wanatajwa katika filamu za wanyama zinazotafsiriwa, katika masomo ya ikolojia na katika habari za kimataifa, na Waswahili wanaoishi Toronto na Minneapolis wanawaona nje ya madirisha yao kila masika ya huko yanapofika. Kwa kuwa hakuna jina lililokubaliwa, kila mtafsiri hujitafutia lake. Mmoja ataandika "ndege mwimbaji", mwingine ataazima jina la ndege wetu asiyehusiana naye kabisa, na wa tatu ataacha neno la Kiingereza katikati ya sentensi.

Tunaomba mtoe kanuni ya kuwapa majina ndege hawa, na kazi ianzie kwa vireo.

Vireo anayejulikana zaidi ni Vireo olivaceus, mwenye macho mekundu. Urefu wake ni sentimita 12 hadi 13, na uzito gramu 12 hadi 26. Mgongo wake ni wa kijani cha zeituni, tumbo jeupe, utosi wa kijivu, na juu ya jicho ana mstari mweupe uliopakana na mweusi. Mdomo ni mnene kiasi, na ncha ya juu imepinda kidogo kuelekea chini. Si ndege wa papara. Hukaa tawini, akageuza kichwa, akakagua majani kwa upande wa chini, kisha akachomoa kiwavi. Kiota chake ni kikombe cha nyuzi za magome kilichofungwa kwa utando wa buibui, na huning'inia kwenye panda ya tawi. Kuimba hachoki: mwaka 1952 huko Ontario, Kanada, Louise de Kiriline Lawrence alimfuatilia dume mmoja kutwa nzima na akahesabu nyimbo 22,197. Ndiyo maana zamani watu wa Amerika Kaskazini walimwita mhubiri.

Jina vireo ni la Kilatini. Lina uhusiano na kitenzi virere, yaani kuwa kijani, na Warumi walilitumia kwa ndege fulani wa kijani wa kwao. Ndege huyo hajulikani kwa hakika. Wengine hudhani alikuwa jike wa Oriolus oriolus, yule ndege ambaye dume lake ni la manjano na jeusi na ambaye hufika Afrika Mashariki kila Ulaya inapoingia baridi. Wengine hudhani alikuwa ndege wa kijani wa jamii ya chiriku. Mwaka 1808 Mfaransa Louis Pierre Vieillot alilichukua jina hilo la kale na kuliweka kwenye jenasi ya ndege wa Amerika. Kiingereza, Kifaransa na Kihispania vyote vimelipokea, na hakuna ndege mwingine hai anayeitwa hivyo katika lugha hizo. Ndiyo sababu tunashauri Kiswahili nacho kilipokee: linaishia kwa irabu, linatamkika bila taabu, na halimnyang'anyi ndege wetu yeyote jina lake.

Kuna mtego mmoja, na mkiupuuza utaleta vurugu. Silabi vi- mwanzoni mwa neno hulifanya sikio la Mswahili lisikie wingi. Tuliona ilivyokuwa kwa virusi: neno liliingia likiwa zima, watu wakachomoa umoja wake, na leo kirusi kimo katika matumizi. Kipilefti nacho kimezaa vipilefti. Msipotamka mapema, baada ya miaka michache tutakuwa na "kireo mmoja, vireo watatu", na mwanafunzi atakayelitafuta jina hilo katika vitabu vya lugha nyingine hatalikuta. Kamusi iseme waziwazi kwamba neno halibadiliki: vireo mmoja, vireo wengi, kwa upatanisho wa a-/wa-. Vireo anaimba, vireo wanahama. Mfano mmoja wa sentensi chini ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa katika kamusi, unatosha kuziba pengo hilo.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa ndege wanaoitwa kwa Kiingereza warbler. Neno hilo linabeba makundi mawili yaliyo mbali kinasaba. Kuna wale wa Ulaya, Asia na Afrika, mmojawapo akiwa Phylloscopus trochilus, anayetoka Ulaya na Siberia kuja kupitisha miezi ya baridi kwetu. Na kuna wale wa Amerika, wa familia Parulidae, wenye spishi zaidi ya 100. Walowezi wa Kiingereza waliwaona ndege wa Amerika ni wadogo, wepesi, wanaokula wadudu majanini, wakawapa jina la ndege wa kwao. Uhusiano hawakuuangalia, na wakati huo hapakuwa na namna ya kuupima. Leo unajulikana: Parulidae wako upande mmoja na chiriku, ilhali vireo wako upande wa kunguru na tiva. Wale wa kwetu waitwao warbler hawako huku wala kule.

Mtafsiri asiyejua haya hufanya makosa yanayotabirika. Chukueni neno "yellow warbler". Amerika kuna ndege wa Parulidae mwenye jina hilo, wa manjano mwili mzima, dume lake likiwa na michirizi ya rangi ya kahawia nyekundu kifuani. Katika vichaka vyenye unyevu vya nyanda za juu za Afrika Mashariki kuna Iduna natalensis, ambaye vitabu vya Kiingereza humwita karibu hivyohivyo. Akitafsiri neno kwa neno, mtafsiri atawapa jina moja la Kiswahili ndege wawili ambao nasaba zao zilitengana zamani sana. Mwalimu wa Njombe atawaambia wanafunzi kwamba ndege wa bondeni kwao ndiye anayehamia kutoka Kanada hadi Amerika ya Kati. Si kosa la mwalimu.

"Ndege mwimbaji" nalo halifai. Kwanza, linawafaa ndege maelfu. Pili, wengi wa Parulidae hawaimbi kwa kughani. Sauti zao ni nyembamba, za kuvuma au za kutetema kama wadudu. Anayeghani kweli ni Vireo gilvus, na jina lake la Kiingereza linatumia neno hilohilo la kuimba, kwa hiyo mtafsiri mwenye haraka humtoa kwenye vireo na kumtia kwenye kundi lisilo lake.

Tarehe 5 Oktoba 2023 ndege karibu 1,000 walikufa katika usiku mmoja kwa kugonga vioo vya jumba la McCormick Place, Chicago. Wengi wao walikuwa wa Parulidae. Mhariri wa habari aliyepaswa kuieleza kwa Kiswahili hakuwa na neno la kuwaita, na bila neno habari yenyewe inapungua uzito. "Ndege wadogo" walikufa. Wepi? Wanaotoka wapi, wanaokwenda wapi? Jina lingefungua mlango wa maelezo.

Lugha nyingine zimekwisha kulitatua jambo hili. Kifaransa humwita ndege wa Ulaya fauvette na yule wa Amerika paruline. Kihispania cha Meksiko husema chipe, na visiwani Karibi husikika reinita. Hili linatugusa moja kwa moja, kwa sababu tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, idadi ya wasomaji wa Kiswahili wanaopokea sayansi kwa Kifaransa imeongezeka ndani ya Jumuiya. Mtafsiri wa Lubumbashi atasoma paruline, wa Dodoma atasoma warbler, na ndege yuleyule atapata majina mawili yasiyofanana. Kamisheni ndiyo yenye nafasi ya kulizuia hilo kabla halijaota mizizi.

Kwa kundi hili tunapendekeza parula. Asili yake ni Parus, jina la Kilatini la ndege wengine wadogo, likiwa limepunguzwa ukubwa. Mtaalamu wa ndege Charles Lucien Bonaparte alilitumia kama jina la jenasi mwaka 1838, kwa ndege ambaye Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, alikuwa amemwita Parus americanus mwaka 1758. Jenasi hiyo sasa imemezwa na Setophaga, lakini familia bado ni Parulidae. Tunakiri kwamba hata jina hili lilizaliwa na mfanano wa juujuu. Tofauti ni kwamba kwa msomaji wa Kiswahili halimrejeshi kwa ndege mwingine yeyote, na mtu wa Lubumbashi atalitambua mara moja.

Tukishakuwa na jina la kundi, linabaki jina la spishi, na hapa tunaomba msifuate Kiingereza kwa macho yaliyofumbwa. Majina mengi ya spishi hizi yalitolewa mahali ambapo ndege wa kwanza alipigwa risasi, mara nyingi akiwa safarini. Mtaalamu wa ndege Alexander Wilson alieleza spishi kadhaa kati ya 1810 na 1812 kwa mtindo huo. Aliyeitwa wa Tennessee na aliyeitwa wa Nashville, mji wa jimbo hilohilo, wanapita tu huko, hawazaliani huko. Wa Connecticut ni nadra Connecticut kwenyewe. Wa Cape May, New Jersey, baada ya kuelezwa mwaka 1811, alipita zaidi ya miaka 100 bila kuonekana tena hapo. Makao yake wakati wa kuzaliana ni misitu ya misonobari na jamii yake huko Kanada, ambako idadi yake hupanda na kushuka kufuatana na milipuko ya viwavi wanaokula miti hiyo. Wa mnolia alikutwa kwenye mti wa mnolia huko Mississippi, ingawa huzaliana kwenye miti ya kaskazini yenye majani ya sindano. Wa michikichi alipatikana kwanza kisiwani Hispaniola, ilhali hujenga kiota kwenye mabwawa ya Kanada yenye kuvumwani. Vireo naye hakusalimika: Vireo philadelphicus ana jina la mji anaopitia tu. Ukimwandikia mtoto "parula wa Tennessee", umemfundisha jiografia ya uongo.

Majina ya watu yana tatizo jingine. Tarehe 1 Novemba 2023 Jumuiya ya Ornitholojia ya Marekani ilitangaza kwamba itabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege yaliyotokana na watu katika eneo inalosimamia, ikianzia na spishi 70 hadi 80 za Marekani na Kanada. Mwaka 2020 ilikuwa tayari imemvua ndege mmoja jina la McCown, aliyekuwa jenerali upande wa majimbo yaliyopigania utumwa. Kwa hiyo tukiandika leo "parula wa Wilson" au "vireo wa Bell", tunachapisha jina ambalo chanzo chake kimekwisha kuamuliwa kufutwa. Majina ya kisayansi hayaguswi na uamuzi huo. Vireo bellii atabaki bellii, na yule wa Bachman, aliyeondolewa mwaka 2023 katika orodha ya Marekani ya spishi zilizo hatarini kwa sababu ametoweka kabisa, atabaki bachmanii.

Utaratibu tunaoutumia katika kazi zetu ni huu, nanyi mnaweza kuuboresha. Mtafsiri aanze kwa kutafuta jina la kisayansi. Bila hilo asiandike chochote. Jina hilo litampa jenasi na familia, na familia ndiyo inayoamua neno la kwanza la Kiswahili. Kisha atafute sifa ya kumtofautisha spishi huyo na ndugu zake, na aihakiki mara tatu: je, jike anayo? je, kinda anayo? je, anayo miezi yote? Hapa ndipo wengi huteleza. Dume wa parula huvaa rangi kali wakati wa kuzaliana, na katika spishi nyingi hufifia baada ya kunyonyoka manyoya. Hata macho mekundu ya Vireo olivaceus si ya wote, kwani wachanga wana macho ya kahawia katika miezi yao ya kwanza. Hata hivyo tunashauri "vireo macho-mekundu" likubaliwe, kwa sababu Kifaransa na Kihispania wanalo hilohilo na msomaji anayevuka lugha atasaidika. Kamusi iongeze tu kwamba kinda hana. Sifa ya mwili ikikosekana, mazingira ya kuzaliana yanafaa kuliko jina la mji au la mtu. Spishi iliyopewa jina la daktari Kirtland wa Ohio hujenga kiota chini ya misonobari michanga, yenye umri wa takriban miaka 5 hadi 20, na karibu wote wako Michigan. "Parula wa misonobari michanga" linamweleza zaidi kuliko jina la daktari.

Tahadharini pia na "mla-wadudu" kama sehemu ya jina. Ni kweli kwamba wanakula wadudu, na wakilisha makinda hawatafuti kingine. Lakini vireo macho-mekundu akifika Amazoni hula matunda kwa wingi, na kuna parula mwenye kiraka cha manjano juu ya mkia ambaye humeng'enya nta ya matunda ya vichaka vya pwani. Kwa sababu hiyo huweza kubaki kaskazini wakati wenzake wameshahama.

Si lazima kila jina liazimwe. Lugha yetu ina ufundi wa zamani wa kumwita ndege kwa kazi au sauti yake: kigong'ota, kipasuasanda, hondohondo, keremkerem. Ufundi huo utumike pale usipogongana na jina lililopo. Kuna jenasi ya Polioptila, ndege wa gramu 5 hadi 7, wenye mkia mrefu wanaoutikisa daima, ambao Kiingereza huwaita wadaka usubi. Polioptila ni jina gumu mdomoni, nalo linasema tu habari za manyoya ya kijivu. Tunapendekeza kidakausubi, kwa umbo lilelile la kidakatonge. Wingi vidakausubi, upatanisho a-/wa-, sawa na kiboko na viboko. Usubi ni sehemu tu ya chakula chake, lakini jina halimchanganyi na ndege mwingine. Vivyo hivyo Sayornis phoebe, ambaye hulitamka jina lake mwenyewe, anaweza kuitwa fibi. Yeye ni wa familia Tyrannidae, na familia hiyo tunashauri iitwe tirani, isipewe majina ya ndege wetu wanaodaka nzi hewani: tirani hawajifunzi nyimbo kwa wazazi, huzaliwa nazo, na kinasaba wako nje ya kundi la ndege waimbaji kwa maana kamili ya wataalamu.

Vidahizo viwili vya kwanza tumeviandaa hivi.

vireo nm [a-/wa-] ndege mdogo wa Amerika wa jenasi Vireo, aghalabu wa kijani au kijivu, mwenye mdomo mnene kiasi uliopinda kwenye ncha. Hula viwavi na wadudu wengine, na pia matunda. Hujenga kiota kinachoning'inia kwenye panda ya tawi. Neno halibadiliki katika wingi.

parula nm [a-/wa-] ndege mdogo wa Amerika wa familia Parulidae, mwenye mdomo mwembamba uliochongoka. Hula zaidi wadudu. Dume wa spishi nyingi huwa na rangi kali wakati wa kuzaliana.

Tunaomba maandishi ya kisayansi yachapwe sawasawa nayo: herufi kubwa kwenye jenasi, ndogo kwenye spishi, na yote mawili kwa italiki. "Vireo Olivaceus" ni kosa, na tunalikuta mara kwa mara hata katika kurasa zilizopitiwa na mhariri.

Kazi ya vireo inaweza kumalizwa katika kikao kimoja, maana jenasi yao ina spishi zaidi ya 30 tu. Parula watahitaji muda, na ingefaa waanze wale wanaotajwa mara nyingi katika habari na vitabu vya shule. Tunaomba uamuzi utolewe kwa pamoja, Dodoma, Zanzibar na Nairobi zikiwa na orodha moja, na mjumbe anayesoma Kifaransa awepo mezani. Orodha yetu ya majina ya kisayansi, pamoja na sifa za jike, dume na kinda kwa kila spishi, tutaikabidhi siku mtakayoihitaji.

Wenu katika kazi ya lugha,
Watafsiri na watazamaji wa ndege tunaoandika kwa Kiswahili